NYUMBA NJEMA SI MLANGO

Wazee wetu walituachia neno: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Neno hili hutumiwa sana kumwonya kijana anayechagua mchumba kwa sura. Leo twataka kulirudisha kwenye nyumba yenyewe, nyumba ya matofali na bati, kwa sababu twaona kwamba wengi miongoni mwa ndugu zetu wafanyakazi huujenga mlango kwanza na kuifikiria nyumba baadaye.

Pita Chanika siku ya Jumapili, pita Mbagala, pita Kibaha, au pita pembezoni mwa mji wowote wa nchi yetu. Utamkuta mfanyakazi amesimama katika kiwanja chake, kiwanja alichokipata kwa kujinyima miaka mingi, na fundi mwashi yuko pembeni yake. Fundi auliza, "Wataka nyumba ya namna gani?" Mwenye kiwanja atoa simu mfukoni, aonyesha picha, asema, "Nataka kama hii." Basi hesabu huanza hapo hapo: mifuko ya saruji, mchanga, kokoto, nondo, mbao za kenchi na bati. Kila kitu huhesabiwa isipokuwa watu. Swali moja tu halikuulizwa, nalo ndilo lililopasa kuja mbele ya mengine yote: nani atalala wapi?

Sisi twasema kwamba ramani ya nyumba si kazi ya fundi peke yake, wala si siri ya baba na simu yake. Ni shauri la familia nzima. Yapasa ianze kwa kuhesabu watu watakaoishi humo na kazi watakazozifanya, kisha ndipo ifuate sura. Anayeanza kwa sura hujenga nyumba ya mtu mwingine katika kiwanja chake mwenyewe.

Jambo hili si dogo. Mfanyakazi wa mshahara wa kawaida hajengi nyumba mara mbili. Hujenga mara moja, kwa mkopo, kwa akiba au kwa kiunua mgongo chake, na wako wengi ambao maboma yao yamesimama miaka bila paa kwa sababu fedha imekwisha njiani. Nguo ikimbana mtu, huirudisha kwa fundi cherehani akamfungulia pindo. Ukuta hauna pindo. Kosa lililofanywa siku ya kuchimba msingi hukaa na mwenye nyumba maisha yake yote, na hurithiwa na wanawe.

Hebu tuitazame nyumba ya zamani ya Kariakoo, Ilala na Magomeni, ambayo wengi wetu tumezaliwa au tumepanga ndani yake. Mbele kuna baraza. Mlango uko katikati, na ukumbi mrefu waikata nyumba toka mbele hadi nyuma. Vyumba vitatu viko mkono wa kulia, vitatu mkono wa kushoto. Nyuma kuna uani, na huko uani mna jiko, choo, bafu na stoo. Zamani nyumba hii ilijengwa kwa miti na udongo, ikaezekwa makuti. Baadaye ikavaa bati. Kisha ikaja ya matofali ya saruji. Shirika la Nyumba la Taifa lilipoundwa mwaka 1962, na nyumba mbovu zikaanza kubomolewa ili zijengwe zilizo bora, zilikuwamo miongoni mwa nyumba mpya zilizoufuata mpango huo huo wa vyumba. Kuta zilibadilika, mpango ukabaki.

Kwa nini ulidumu? Ulidumu kwa sababu ulijibu maswali ya wenyewe. Mwenye nyumba aliweza kukaa katika vyumba viwili na kupangisha vinne, na kodi hiyo ikawasomesha watoto au ikamtunza mjane baada ya mumewe kufariki. Asiye na fedha za kutosha alijenga upande mmoja kwanza, akaungoja upande wa pili mpaka Mungu ajalie. Mgeni wa mazungumzo alipokewa barazani bila kuwaondoa wenye nyumba katika shughuli zao. Uani palikuwa mahali pa kupika, kufua, kusuka nywele na kulea watoto mbali na macho ya barabara.

Mtu asidhani twaililia nyumba hiyo kana kwamba haikuwa na ila. Ukumbi wake ulikuwa giza mchana kweupe. Chumba kilikuwa na dirisha moja, hewa ikiingia haina pa kutokea. Choo kimoja kiliwatumikia watu wa vyumba sita. Masika yalipofika, majiko ya mkaa yaliingizwa ukumbini, na watu wakapika penye hatari. Hatusemi turudi huko. Twasema kwamba waliouchora mpango ule walijua ni nani atakayeishi ndani yake. Hilo ndilo la kujifunza kwao.

Sasa tuitazame ramani ya picha, ile inayopita toka simu hadi simu. Sebule kubwa imechukua mbele yote, na jiko la wazi laielekea. Kuna vyumba vitatu vya kulala, kimoja kina choo chake ndani. Baraza hakuna, na mlango wa nyuma umewekwa kama jambo la kusahauliwa. Ramani hii si mbaya kwa watu iliyochorewa. Yawafaa mume na mke wenye watoto wawili, wanaopikia gesi au umeme, wasio na mzee wa kutunza wala jamaa wa kusomesha. Kama hiyo ndiyo familia yako, ndugu msomaji, ijenge kwa amani. Lakini je, ndiyo familia yako?

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika nchi yetu, na kaya ya wastani ikaonekana kuwa na watu 4.3. Lakini wastani haulali kitandani. Tuchore mfano wa mfanyakazi wa karakana. Hatumsemi mtu, wala hatudhani kwamba mfano huu utaonekana mgeni. Ana mke. Ana mabinti wawili, mmoja wa miaka 14 na mwingine wa miaka 9. Ana wavulana wawili, wa miaka 12 na 6. Mama yake mzazi ametoka kijijini baada ya macho kufifia. Mpwa wake anasoma chuo mjini, na hana pengine pa kukaa. Jumla yao ni watu 8.

Waingie katika nyumba ya picha. Wazazi wachukua chumba chenye choo. Mabinti wachukua cha pili, wavulana cha tatu. Bibi naye? Atawekwa pamoja na mabinti, alale akisikia mazungumzo ya watoto wa shule. Mpwa atalala kwenye kochi. Basi ile sebule iliyojengwa ili wageni waisifu, ifikapo saa 4 usiku hugeuka bweni. Na kabla ya saa hiyo mpwa hawezi kulala, wala hawezi kusoma, kwa sababu televisheni inasema. Bibi akiamka usiku kwenda haja, yampasa apapase ukuta, aivuke sebule na kumpita mpwa aliyelala, ili akifikie choo cha pamoja. Choo kilicho karibu kimefungiwa ndani ya chumba cha mwanawe. Hapo ndipo nyumba humwadhibu yule ambaye hakuulizwa neno.

Familia hii haikuhitaji kiwanja kikubwa zaidi. Ilihitaji kufikiri. Sebule ya mita 5 kwa 6 ina mita za mraba 30. Ukitoa humo chumba cha mita 3 kwa 3, zabaki 21, na wageni wanane bado wataketi. Chumba hicho, kikiwekwa ubavuni mwa nyumba na kupewa mlango wake wa nje, leo ni cha mpwa, kesho ni cha mpangaji, keshokutwa ni cha kijana wa nyumbani anayeanza maisha. Bibi angepewa chumba kinachopakana na choo cha pamoja. Msingi ungekuwa ule ule na paa lile lile. Kuta mbili fupi tu zingeongezeka. Tofauti yote ingeonekana katika heshima ya watu wawili.

Kwa hiyo, shauri letu la kwanza ni kuhesabu watu, nao wahesabiwe mara mbili: walivyo leo na watakavyokuwa baada ya miaka kumi. Mtoto wa miaka 6 atakuwa na miaka 16. Wavulana na wasichana wanaolala pamoja leo hawatalala pamoja siku hiyo. Nawe unayepanda ngazi leo mbili mbili, utazeeka. Nyumba yenye ngazi tano mlangoni yapendeza machoni, lakini ni gereza kwa mwenye magoti mabovu. Mlango wenye nafasi wazi ya sentimita 80 hupitisha kiti cha magurudumu, na ule wa sentimita 60 hukizuia. Tofauti ni sentimita 20 tu, na siku ya kujenga karibu hazina gharama; siku ya kiharusi huwa ni kuvunja ukuta.

Vyumba navyo vipimwe kwa vitu vitakavyokaa ndani. Wengi husema "chumba cha futi 10 kwa 10 chatosha", kisha hununua kitanda cha futi 6 kwa 6. Kitanda hicho peke yake chachukua futi za mraba 36 katika 100. Kikiwekwa katikati ya ukuta, zabaki futi 2 kila upande. Na kabati la kina cha futi 2 likisimama mbele ya miguu, njia inayobaki hapo ni ya futi 2. Hapo mlango ufungukie wapi? Aliyeuliza swali hili kabla ya msingi alichora chumba kirefu kidogo, au alinunua kitanda kidogo. Ambaye hakuuliza hupita kwa ubavu mpaka leo.

Shauri la pili ni kuhesabu kazi. Nyumba si mahali pa kulala tu. Humo hupikwa, hufuliwa, huanikwa nguo, hutwangwa na kusomwa. Na katika nyumba nyingi za wafanyakazi hufanyika biashara ndogo inayoshikilia nyumba mshahara unapokwisha. Kama mke hushona, cherehani iwekwe penye mwanga. Kama anauza maandazi au vitumbua, yampasa awe na mahali pa kuwashia moto na mahali pa kumpokea mteja bila kumpitisha chumbani. Na kama familia bado yatumia mkaa, jiko la wazi linaloielekea sebule ni hatari tupu, maana mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mkaa ni wa jiko la nje, au la jiko lenye madirisha yanayotazamana na njia ya moshi. Mtu asijenge jiko la gesi ambayo hana fedha za kuijaza kila mwezi.

Hapa twataka kusema neno ambalo huenda likawachoma baadhi ya wasomaji wetu wanaume. Mara nyingi ramani huamuliwa na baba na fundi, chini ya mwembe, na mama huonyeshwa nyumba ikiwa tayari. Mama ndiye atakayebeba ndoo toka bombani mpaka jikoni, naye ndiye atakayemwangalia mtoto anayetambaa huku sufuria imo motoni. Kumwacha nje ya shauri hili si ubabe wala si mila. Ni upotevu wa fedha, kwa sababu yeye ndiye mwenye ujuzi wa nyumba.

Shauri la tatu ni kulijua jua na upepo. Katika Dar es Salaam na pwani nzima tunao upepo wa kaskazi na upepo wa kusi, nao ni mali isiyolipiwa. Chumba chenye madirisha katika kuta mbili hupitisha upepo. Chenye dirisha moja huupokea na kuuzuia. Kuta ndefu za nyumba zikitazama kaskazini na kusini, jua la jioni hulipiga ubavu mfupi tu. Chumba cha kulala kilichoelekea magharibi bila mti wala kivuli hukusanya joto mchana kutwa na kulitoa usiku, na mwenye nyumba hulipia umeme wa feni miaka yote kwa kosa la siku moja. Ndugu zetu wa Njombe na Mbeya wao hulihitaji jua hilo tunalolikimbia, kwa hiyo wasiige madirisha ya pwani. Ramani moja haiwezi kuwa njema kila mahali.

Shauri la nne ni la fedha. Picha hupenda nyumba yenye kona nyingi. Lakini tufanye hesabu. Nyumba ya mita 10 kwa 10 ina kuta za nje za mita 40 na eneo la mita za mraba 100. Ikate kona moja, mita 4 kwa 4, ili ipendeze. Kuta za nje zabaki mita 40 zile zile, lakini eneo lapungua hadi mita za mraba 84. Umelipia tofali zile zile na kununua nafasi ndogo zaidi. Tena kila kona ya ukuta huzaa kona juu ya paa, na kila bonde la paa hukata bati vipande na ndilo mara nyingi mahali pa kwanza kuvuja. Nyumba ya mstatili, yenye paa la migongo miwili, si ya kimaskini. Ni nyumba iliyokwisha kujengwa, na watu wamo ndani, hali ile yenye kona nane ingali boma.

Aidha, mwenye kipato kidogo achague ramani inayoweza kukua. Ajenge vyumba viwili, jiko na choo, aingie, aache kulipa kodi, kisha aongeze. Ila lazima nyongeza hiyo iwe imechorwa tangu siku ya kwanza: wapi mlango utafunguliwa, na paa litaungwa wapi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe sharti kijulikane ukubwa wake mapema.

Twajua kwamba wako wasio na kiwanja, nao huishi katika maghorofa. Mwaka 2022 yalizinduliwa maghorofa ya Magomeni Kota kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi katika nyumba za zamani za mahali hapo. Nyumba za kupanda juu zitaongezeka katika miji yetu, maana ardhi haizai. Asiyejenga mwenyewe hawezi kusogeza ukuta, lakini aweza kuuliza kabla ya kuchukua funguo: nguo zitaanikwa wapi, mzee atakaa ghorofa ya ngapi, watoto watachezea wapi? Na wanaochora majengo hayo yawapasa wawaulize watakaokaa humo.

Wako watakaotwambia, "Kila mtu ana uhuru wa kujenga apendavyo." Ni kweli, wala hatuupingi uhuru huo. Lakini anayeiga picha asiyoichora, kwa familia asiyoihesabu, hajatumia uhuru wake bado, amefuata tu. Wengine watasema, "Wageni watatuonaje?" Twawajibu kwa neno la wazee: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Haifai kujenga nyumba ya miaka hamsini kwa ajili ya mtu wa siku mbili, na mama mzazi akakosa chumba.

Basi, ndugu mwenye kiwanja, kabla ya kumwita fundi fanya hivi. Nunua kamba, chonga vigingi, chukua majivu au chokaa. Ichore nyumba yako juu ya ardhi kwa kipimo chake kamili, kila ukuta na kila mlango. Kisha waite wote, mama, bibi na watoto, waingie ndani ya nyumba hiyo ya kamba. Bibi atembee toka chumbani hadi chooni. Mama abebe ndoo mpaka jikoni. Watoto walale chini mahali pa vitanda vyao. Kigingi kikiwa mahali pabaya, king'oe. Kung'oa kigingi hakugharimu hata senti. Kubomoa ukuta kwagharimu mshahara.

Nazo halmashauri zetu, zinazodai ramani kabla ya kutoa kibali cha ujenzi, zingefanya jambo jema kuweka ofisini ramani chache rahisi za bei nafuu, zilizochorwa na wataalamu kwa ajili ya familia za ukubwa mbalimbali na hali ya hewa ya mahali pale, ili mfanyakazi asiye na fedha ya mchoraji asikimbilie picha ya simu. Vyama vya wafanyakazi navyo, vinavyojua ni wanachama gani wanakaribia kustaafu, viwape wanachama hao shauri la nyumba kabla hawajapewa fedha, si baada ya fedha kwisha.

Mfanyakazi ametumia mikono yake kujenga viwanda, barabara na shule za nchi hii. Nyumba atakayojijengea mwenyewe imfae yeye na watu wake. Mpita njia ataona mlango, na akipenda ausifu. Sisi twamwombea mwenye nyumba kwamba, akishaufunga mlango huo usiku, kila aliye nyuma yake awe amepata mahali pa kulala kwa heshima.